Dalili za Seva Iliyosakinishwa na Kutunzwa Vyema

Ubora wa kazi ya kusakinisha mfumo endeshi hauonekani siku ya makabidhiano. Seva mbili zenye Debian ileile, juu ya mashine za aina moja, zinaweza kufanya kazi kwa miezi bila mtumiaji kuona tofauti yoyote. Tofauti hujitokeza siku diski inapojaa, umeme unapokatika na kurudi, au fundi aliyezijenga anapohamia kwingine. Mkaguzi mwenye jicho hana haja ya kuisubiri siku hiyo, kwa kuwa kila uamuzi wa fundi huacha alama ndani ya mashine, na alama hizo zinasomeka.

Ya kwanza ni toleo lililochaguliwa. Debian hutoa toleo thabiti takriban kila baada ya miaka 2, nalo hupata miaka 3 ya matunzo ya kawaida na mingine 2 ya marekebisho ya usalama. Matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu, yanayotoka Aprili ya kila mwaka wa namba shufwa, huhudumiwa kwa miaka 5. Fundi mzuri anaijua tarehe ya mwisho ya toleo lake na ameshapanga lini atahamia lijalo. Anayekimbilia toleo jipya kabisa kwenye seva ya kazi bado hajaiva. Machi 2024 iligundulika kwamba xz, programu ndogo ya kubana faili, ilikuwa imepenyezewa mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi Andres Freund aliufichua baada ya kuona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde bila sababu. Programu hiyo ilikuwa imeshafika kwenye matawi ya majaribio ya Debian, lakini toleo thabiti halikuguswa. Mwendo wa polepole wa toleo thabiti, ambao wengi huuona kuwa udhaifu, ndio uliozikinga seva.

Faili ya usakinishaji nayo huhakikiwa kabla ya kuandikwa kwenye flashi: alama yake ya SHA256 hulinganishwa na ile iliyochapishwa na watengenezaji, na saini yao hukaguliwa. Ni kazi ya dakika chache, na asiyeifanya hana namna ya kujua amesakinisha nini.

Diski ndipo mkono wa fundi unapoonekana zaidi. Usakinishaji wa haraka huweka kila kitu kwenye sehemu moja, hivyo logi zikifumuka usiku hujaza nafasi yote na kuangusha huduma ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Fundi makini huitenga /var, na mara nyingi huitenga pia sehemu ya data, akitumia LVM na kuacha nafasi ambayo haijagawiwa ili aje kuongeza panapopungua. Kuigawa diski yote siku ya kwanza ni haraka isiyo na faida. Mkaguzi huangalia pia kama fundi anajua kwamba ext4, isipoambiwa vingine, humtengea msimamizi mkuu asilimia 5 ya nafasi. Kwenye sehemu ya mfumo akiba hiyo ni ya thamani, kwa kuwa humwezesha kuingia na kusafisha diski ikijaa. Kwenye diski ya data ya terabaiti 4 ni gigabaiti 200 zinazokaa bure. Jambo jingine linalowapita wengi ni idadi ya faili. Ext4 hupangiwa kikomo cha faili inapoundwa, na seva yenye mamilioni ya faili ndogo huweza kukataa faili mpya huku nusu ya diski ikiwa tupu. Amri ya df -i huonyesha hali hiyo mapema.

Kisha hufunguliwa /etc/fstab. Diski zikitajwa kwa majina kama sdb, kazi ina kasoro, maana majina hayo yanaweza kubadilishana mashine inapowashwa upya, ilhali UUID, kitambulisho cha sehemu yenyewe ya diski, haibadiliki. Diski ya ziada isiyo na neno nofail ni hatari zaidi: ikiharibika, mfumo huisubiri sekunde 90 kisha huingia hali ya dharura na kutaka mtu akae mbele ya kibodi. Kwa seva iliyo katika hospitali ya wilaya, umbali wa siku nzima ya basi kutoka alipo msimamizi, neno hilo moja lina uzito mkubwa. Ndiyo maana mtihani wa haki kuliko yote ni kuizima seva kwa makusudi na kuiwasha, kisha kuona kama huduma zote zinarudi zenyewe.

Uchache wa programu ni sifa. Seva ya barua pepe yenye mazingira ya madirisha na programu za ofisi imesakinishwa na mtu aliyekubali kila alichoulizwa. Amri ya ss -tulpn huorodhesha poti zinazosikiliza, na fundi anapaswa kueleza kila mstari bila kusita. Kwenye SSH hutarajiwa funguo badala ya nywila, na kila msimamizi kuwa na akaunti yake.

Saa huonekana jambo dogo, lakini bila saa sahihi logi za seva mbili haziwezi kulinganishwa. Wengi hupendelea UTC kwenye seva zote, nao wana haki. Msomaji wa Afrika Mashariki hulazimika tu kukumbuka kwamba tukio lililoandikwa 23:30 lilitokea saa nane na nusu usiku, tarehe iliyofuata.

Katika matunzo, kipimo kinachodanganya ni siku ambazo seva imekaa bila kuzimwa. Kerneli mpya haianzi kazi mpaka mashine iwashwe upya, kwa hiyo seva iliyokaa miaka 2 hivyo inaendesha kerneli ya miaka 2 iliyopita, isipokuwa kama inatumia njia maalumu ya kuirekebisha ikiwa kazini. Maktaba nazo hazitofautiani sana. Hitilafu ya Heartbleed ilipotangazwa Aprili 2014, kusakinisha OpenSSL iliyorekebishwa hakukutosha, kwani huduma zilizokuwa zikiendelea zilibaki na nakala ya zamani kwenye kumbukumbu hadi zilipoanzishwa upya. Kuchelewa nako kuna gharama: Microsoft ilitoa rekebisho la Windows mnamo Machi 2017, programu hasidi ya WannaCry ikashambulia Mei, na hospitali nyingi za Uingereza zilikwama kwa kitu ambacho dawa yake ilikuwapo kwa takriban miezi 2.

Nakala rudufu hupimwa kwa swali moja: lini mara ya mwisho data ilirejeshwa kutoka humo? RAID si jibu, kwa sababu faili iliyofutwa hufutika kwenye diski zote kwa pamoja. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata kuu. Ikabainika kwamba nakala za kila siku hazikuwa zikitengenezwa kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya PostgreSQL, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa. Walichorejesha ni picha ya diski iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Kampuni hiyo ilieleza yote hadharani, na maelezo yake yamewafaa mafundi wengi.

Mwisho hukaguliwa maandishi. Mabadiliko ya /etc yanapaswa kuhifadhiwa, kwa mfano kwa etckeeper, ili ijulikane nani alibadilisha nini na lini. Na kuwe na maelezo ya kuijenga seva upya, kwa hati au kwa Ansible. Mkaguzi humpa maelezo hayo fundi mwingine asiyeijua seva hiyo pamoja na mashine tupu, kisha humwacha afanye kazi bila kumpigia simu aliyeijenga. Kila mahali anapokwama panaandikwa, na orodha hiyo ndiyo ripoti ya ukaguzi.