Wasifu wa Mekatilili si fomu ya kuombea kazi

Juma lililopita mpwa wangu aliye Gredi ya 5 aliniletea mradi wake niukague kabla hajaupeleka shuleni. "Mjomba, si wewe ndiye wa Kiswahili? Niangalizie makosa." Mwalimu wao alikuwa amewaagiza waandike wasifu wa kiongozi mmoja wa kihistoria, kazi zibandikwe ukutani kabla ya Siku ya Mashujaa. Wenzake wengi walimchukua Dedan Kimathi au Tom Mboya. Yeye akamchagua Mekatilili wa Menza, kwa kuwa babake ni Mgiriama wa Ganze na nyanya yake angali anaishi huko.

Makosa ya tahajia yalikuwa mawili tu. Mwandiko ulikuwa safi, jalada la manila, na picha ya rangi ya sanamu iliyoko Malindi ambayo ilimgharimu mamake Sh50 pale saiba. Hata hivyo, nilipomaliza kurasa zile tatu nilihisi kana kwamba nimesoma habari za mtu ambaye hakufanya lolote maishani. Mambo yalimfika tu, kama mvua inavyomfika aliyesahau mwavuli.

Nilichukua kalamu nikapigia mstari vitenzi vyake vikuu. Alizaliwa. Aliolewa. Alikamatwa. Alipelekwa Kisii. Alionekana tena Giriama mwaka 1914. Alikamatwa tena. Aliachiliwa. Alifariki. Anakumbukwa. Msomaji mpendwa, hebu virudie polepole. Katika orodha nzima, kitendo pekee ambacho Mekatilili alikitenda yeye mwenyewe ni kufa.

Siipigi vita kauli ya kutendwa. Hakuna mtu anayejizaa, na katika Kiswahili mwanamke huolewa, upende usipende. Hayo ni mjadala wa siku nyingine. Tatizo ni kwamba kauli hii huturuhusu kumficha mtenda. "Alikamatwa" ni sentensi kamili kisarufi, lakini kihistoria ni nusu. Na nani? Kwa kosa gani? Kiambishi -w- kinapokosa kifuasi chake "na", mkoloni huondoka zake bila kuulizwa chochote.

Kulikuwa na sentensi moja iliyonikera zaidi: "Kaya Fungo iliharibika mwaka 1914." Hapa hata kutendwa hakupo tena, tumeingia katika kauli ya kutendeka. Maziwa yaliyolala huharibika. Barabara ya murram huharibika masika. Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, haikuharibika. Waingereza waliilipua kwa baruti mnamo Agosti 1914. Tofauti ya -ik- na -li-lipua ni tofauti ya ajali na jinai, na mtoto wa miaka kumi ana haki ya kuijua.

Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini ameandika hivyo. Akanionyesha karatasi waliyopewa. Ilikuwa na vichwa vilivyochapwa, kila kimoja kikifuatwa na mistari miwili: Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Elimu. Kazi. Mafanikio. Tarehe ya kifo. Nikaelewa. Wataalamu wetu hutenganisha wasifu, tawasifu na wasifukazi, na wanafunzi wa sekondari hutahiniwa tofauti hizo. Karatasi ile iliitwa wasifu ilhali ilikuwa wasifukazi. Tulikuwa tunamwombea marehemu kazi.

Na ona fomu inavyomkaba mtu ambaye haikutengenezewa yeye. Kwenye Elimu mtoto alijaza: "Hakusoma." Kwenye Kazi: "Kiongozi." Kwenye Tarehe ya kuzaliwa aliandika mwaka kamili aliouokota mtandaoni, ingawa vyanzo vinatofautiana kwa miaka mingi, na haishangazi, maana hapakuwa na karani wa kuandikisha vizazi Giriama wakati huo.

Hata Jina lilikuwa mtego. "Mekatilili alizaliwa..." Hakuna mtu aliyewahi kuzaliwa Mekatilili! Wazazi wake walimwita Mnyazi. Mekatilili ni mama wa Katilili. Ni jina alilolipata baada ya kujifungua mwanawe huyo, jinsi sisi tunavyosema Mama Otieno au Mama Amina. Jina lenyewe ni kipande cha wasifu. Linatuambia kwamba aliyesimama mbele ya serikali ya kikoloni alisimama akiitwa mama. Unapojua alichokuwa akikataa, yaani vijana wa Kigiriama kuchukuliwa kwenda kuwafanyia wageni kazi, jina hilo linaacha kuwa lebo tu.

Basi nikamwambia, funga daftari, nisimulie. Nani huyu Mekatilili?

Laiti mwalimu wake angekuwepo! "Kulikuwa na mzungu anaitwa Champion, alikuwa anataka vijana waende kazi na watu walipe kodi. Akaita mkutano. Mekatilili akaja na kuku na vifaranga. Akamwambia, haya, chukua kimoja. Mzungu akanyoosha mkono, kuku akamdonoa! Akamwambia, sasa wewe ukichukua mtoto wetu utaona." Kisha akaendelea, mikono ikipaa: wanawake wakala kiapo chao cha mukushekushe, wanaume wakala fisi, wote wakaapa kutowatii wazungu. Mekatilili akashikwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali Kisii, wakatoroka, wakatembea kwa miguu mpaka wakafika kwao.

Umeisikia hiyo -ka-? Akaja, akamwambia, wakatoroka, wakafika. Katika kurasa tatu za mradi sikuiona hata mara moja. Kiambishi -ka- hufunga tendo kwenye tendo lililotangulia, kikaonyesha kwamba hili limetokea baada ya lile kutokea. Yule "aliyeonekana" tena Giriama kwenye karatasi, mdomoni mwa mtoto huyo huyo alikuwa ametoroka kizuizini mapema 1914, miezi michache tu baada ya kukamatwa Oktoba 1913, akavuka nchi kwa mamia ya kilomita.

"Sasa mbona haya hukuandika?"

"Mwalimu alisema tusiweke hadithi. Tuweke ukweli tu. Na hii ya kuku niliambiwa na nyanya kwa simu."

Namwelewa mwalimu. Ana darasa kubwa, ana mistari miwili kwa kila kichwa, na mtandaoni kumejaa uongo. Kisa cha kuku kweli ni cha masimulizi, na si vyema mtoto akakiandika kama vile alikuwepo. Lakini dawa ya hilo si kukifuta. Kiswahili kina chombo cha kazi hiyo: husimuliwa kwamba. Hapo, naam, kauli ya kutendwa inafanya kazi ya haki. Inamjulisha msomaji kuwa habari hii imepitia vinywa vya watu, aipime mwenyewe. Ajabu ni kwamba tunawafunza watoto kuitumia kumfichia mkoloni makosa yake, kisha tunawanyima pale inapowafaa.

Wala si kwamba hatuna mifano. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, alikuwa na mhusika ambaye naye hangeijaza fomu ile. Siti alitoka kijijini Fumba, akauza vyungu mjini Unguja, sauti yake ikamfikisha Bombay kurekodi nyimbo mwaka 1928. Kwenye Elimu angeandikiwa nini? Shaaban hakuona hilo kuwa pengo la kuonewa haya. Aliandika juu ya mtu anayetenda, wala hakuogopa kumsifu wala kusimulia. Mwalimu anayetafuta kigezo cha wasifu wa Kiswahili kwa watoto angeanzia hapo kabla ya kuanzia kwenye fomu.

Sikumwandikia mpwa wangu mradi. Wazazi wa nchi hii wamefanya miradi ya kutosha. Nilimpa maswali matatu tu ayaulize kila sentensi: nani alitenda, alimtenda nani, kisha nani akafanya nini. Kaya Fungo ikalipuliwa "na Waingereza". Mnyazi akazaliwa, Mekatilili akaja baadaye. Kuku akaingia, na "husimuliwa" yake mbele.

Tulikwama kwenye Elimu. "Mjomba, hapa niandike nini? Nikiacha wazi nitakatwa maksi." Nikamwambia ampigie nyanya yake. Walizungumza kwa muda mrefu, nusu Kiswahili nusu Kigiriama, mara kicheko, mara kimya. Aliporudi alifuta "Hakusoma", akaandika kwamba Mekatilili alijua kucheza kifudu, ngoma ya matangani, na alipoicheza kijiji hadi kijiji watu wakamfuata, akawaambia aliyotaka kuwaambia. Mistari miwili haikutosha. Maneno ya mwisho ameyaandika wima pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo sana.