Ukwapi na Utao wa Mstari Mwekundu

Utungo wenyewe hauna neno hata moja. Uko kwenye skrini ya laptopu, juu ya paa la nyumba Dar es Salaam, mwishoni mwa Januari, yapata saa tatu na nusu usiku. Kila baada ya sekunde mbili nukta mpya huongezwa upande wa kulia na zilizotangulia husogea kushoto, hadi ipatikane mistari miwili: wa buluu, unaopanda na kushuka kama mtu anayepumua usingizini, na mwekundu, ambao hauna mbwembwe. Mwekundu unateremka tu. Unateremka kwa adabu, bila haraka, na anayeutazama kwa dakika moja ataapa kwamba umetulia.

Programu inayouchora ni PHD2, ambayo hutolewa bure. Jina lake lilitokana na utani wa Kiingereza wenye maana ya “bonyeza hapa, mjinga wewe”. Kwa kazi nyingine za programu hiyo utani huo unaweza kuvumilika. Kwa ukurasa wake wa kupima mkengeuko wa nyota haufai kabisa, kwa kuwa ukurasa ule humtaka mtu asome, tena asome fani kabla ya kukimbilia maudhui.

Maudhui hayana kina kirefu. Stendi ya darubini ina mhimili unaozunguka mara moja kwa saa 23 na dakika 56 ili kuifuata nyota wakati Dunia inajizungusha. Mhimili huo usipokuwa sambamba na ule wa Dunia, nyota huteleza na picha ya muda mrefu huharibika. Kuirudisha darubini kila nyota inapoteleza hakuponyi yote, maana hata hivyo picha nzima hujizungusha taratibu kwenye ile nyota inayofuatwa, na nyota za pembeni hugeuka vijistari vilivyopinda. Kwa hiyo mhimili lazima ulengwe kwenye ncha ya anga. Hayo yamo katika kila mwongozo.

Anayeandika utungo huu ni darubini ndogo iliyopandishwa mgongoni mwa kubwa, pamoja na kamera yake. Yangu ina fokasi ya milimita 240, na kamera ina pikseli za maikromita 3.75, hivyo kila pikseli hubeba takribani sekunde 3.2 za tao. (Sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii.) Programu haishiki pikseli nzima, hutafuta kitovu cha mwanga wa nyota, na kukipata kwa sehemu ndogo tu ya pikseli. Ndiyo maana chombo kidogo hivi kinaweza kukikosoa kikubwa.

Sasa fani. Jambo la kwanza ni kunyamazisha. Katika hali ya kupima mkengeuko, programu huendelea kusahihisha mwendo wa mashariki na magharibi, ule wa mstari wa buluu, lakini huacha kabisa kusahihisha kaskazini na kusini. Mstari mwekundu unaachwa uende utakako. Siku nyingine zote kazi ya kamera hii ni kuficha makosa ya stendi. Hapa tu ndipo inapoamriwa ikae kimya ili kosa lijiseme lenyewe. Anayesahau kuzima marekebisho hayo hupata mstari mwekundu ulionyooka, akafurahi, kumbe anasoma utungo ambao mhariri keshaufutia beti zote zenye ukweli.

La pili ni kibwagizo. Wimbi la buluu hurudi kwa vipindi, na kipindi chake hakitokani na anga. Stendi ya aina ya EQ6 ina gurudumu la meno 180, na kila jino hupita kwa sekunde 479 hivi, karibu dakika nane. Kasoro ya skrubu inayolisukuma gurudumu hilo hujirudia kila dakika nane, na masahihisho hayaizimi yote. Msomaji mchanga huvutiwa na wimbi kwa sababu linacheza. Atazungusha skrubu za stendi akitaka kulituliza, na halitatulia, kwa kuwa halina habari yoyote ya ncha ya anga. Kibwagizo hupendeza masikio, lakini hoja ya shairi hili iko katika mteremko.

Na mteremko ni mdogo kwa namna ya kuudhi. Mhimili ukikosea kwa dakika moja ya tao (sekunde 60 za tao), nyota mahali panapofaa huteleza kwa sekunde 0.26 za tao kila dakika. Kwa dakika tano ni sekunde 1.3, yaani haijafika hata nusu ya pikseli yangu. Hewa ya joto inayopanda kutoka kwenye mabati ya jirani huirusha nyota zaidi ya hapo mara kadhaa kwa dakika, na upepo wa kaskazi ukivuma juu ya paa ndio usiseme. Kwa hiyo urefu hapa ni sehemu ya maana. Anayesoma nukta tano anasoma upepo. Nukta mia mbili ndizo zinazoanza kusema juu ya mhimili, na programu huchora mstari wa wastani kati yake ili jicho lisidanganyike na mrukoruko. Dakika tatu kwangu hazitoshi, hata kama wapo wenye haraka wanaoapa kwamba zinatosha.

Utungo una vipande viwili, na hapa istilahi za washairi wetu zinanitosha kabisa: ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo, na utao, kipande cha pili. Katika ukwapi unapimwa upotofu wa mhimili wa kulia na kushoto, kwa nyota iliyo karibu na meridiani, yaani mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini, na karibu na ikweta ya anga. Katika utao unapimwa upotofu wa juu na chini, kwa nyota ya ikweta ya anga pia, ila iliyo chini upande wa mashariki au magharibi. Mpango huo ni wa zamani kuliko kamera yoyote ya kidijitali. Wafaransa huuita kwa jina la Guillaume Bigourdan, mwanaastronomia wao aliyefariki 1932. Zamani mtu alikaa na jicho kwenye lenzi yenye nyuzi mbili zilizokatizana, akihesabu dakika. Kamera imeondoa shingo inayouma, haijaondoa usomaji.

Kwa ukwapi wa Januari ninaichukua Mintaka, nyota ya ukanda wa Orion iliyo chini ya nusu digrii kutoka ikweta ya anga. Kwa Dar es Salaam, iliyo digrii 6.8 kusini, Mintaka hupita karibu kabisa na utosi wa anga. Kwa utao ninaishukia Alphard, ya kundi la Hydra, ambayo saa hiyo iko takribani digrii 30 juu ya upeo wa mashariki. Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa watu wa Ulaya haina sababu ya kulitaja.

Hewa hupinda mwanga. Nyota iliyo chini huonekana juu kuliko ilipo, na kadiri inavyopanda upotofu huo hupungua, hivyo mwendo wake unaoonekana si mwendo wake halisi. Huko Ulaya nyota huchomoza kwa kulalia upande, na kosa la hewa humegwa: sehemu huingia kwenye mstari wa buluu, sehemu kwenye mwekundu, na msomaji hulichukua kama kosa la stendi. Kwetu nyota huchomoza karibu wima. Kosa la hewa linatiririka lote, kasoro chembe, kwenye mstari wa buluu, ambao hatuusomi. Na kwenye ukwapi nyota iko utosini, ambako hewa haipindi kitu cha maana. Ikweta inausafisha mstari mwekundu katika vipande vyote viwili.

Ajabu ni kwamba mahali hapa ndipo njia nyingine zinapochoka. Ile njia maarufu ya kupiga picha mbili za eneo la ncha, kuzungusha mhimili digrii 90 kati yake, na kuiacha programu itafute kitovu cha mzunguko, ni nzuri sana kwa mtu anayeiona ncha. Ina uzuri wake wa kifani pia: darubini ndogo haihitaji kuwa sambamba kamili na mhimili, kwa kuwa duara hutaja kitovu chake lenyewe. Lakini ncha ya kusini kwangu iko digrii 6.8 tu juu ya upeo, nyuma ya mwembe na tangi la maji la jirani, na hewa huinyanyua kwa dakika saba hivi za tao. Nyota ya Sigma Octantis, iliyo zaidi ya digrii moja kutoka ncha, ni hafifu mno kwa jicho la mjini. Kaskazini ndiyo kabisa: Polaris iko chini ya upeo. Manahodha wa Bahari ya Hindi walilijua pengo hili. Ahmad ibn Majid, bingwa wa urubani wa karne ya 15, alipima kimo cha Polaris, ambayo kwa Kiarabu chao iliitwa Jah, kwa upana wa vidole. Na chombo kilipoelekea kusini hata nyota hiyo ikazama, warubani walihamia kwenye nyota nyingine zilizobaki juu.

Ipo pia njia ya picha tatu, inayokubali sehemu yoyote ya anga na kukupa jibu kwa namba na mishale. Naitumia, tena kwa shukrani, kufika karibu. Lawama yangu ni ya uhakiki tu: namba haina umbo. Ikikosea, inakosea kwa sura ileile inayotumia ikipatia.

Mstari una umbo, na umbo hutoa siri. Mteremko unaotoka kwenye mhimili, kwa muda wa dakika kumi, hunyooka kama rula. Ukiona umepinda, au umekatika ghafla na kuanza upya chini, hiyo si anga wala ncha. Ni skrubu ya plastiki iliyolegea kwenye pete za darubini ndogo, au waya wa kamera unaoning'inia. Usiku mmoja nilizungusha stendi kwa karibu saa nzima nikiufuata mteremko ambao, nilipoutazama vizuri kesho yake, ulikuwa na tumbo kama tanga lililojaa upepo. Waya ulikuwa umebanwa na mguu wa tripodi.

Siku hizi mstari ukinyooka mlalo siushangilii. Nakaza boliti za kufungia stendi, na mara nyingi huko kukaza kwenyewe husogeza mhimili dakika moja au mbili za tao. Nafuta mchoro, narudi Mintaka, nangoja nukta mia mbili.