Anayesikiliza Ukuta

Doa lilianza kama kiganja cha mtoto, chini ya ukuta wa kaskazini. Wiki mbili baadaye lilikuwa pana kama mkeka. Fundi wa kwanza alilitupia jicho, akatoa nyundo na patasi. Nyanya akamshika mkono. "Mwanangu, ukuta huu umenizidi umri. Usiupige hujaujua."

Fundi wa pili hakutoa chombo chochote. Aliuliza tu: "Maji ya mfereji yalikuja lini?"

Jumanne.

"Na doa hukua Jumanne, au kila siku?"

Kila siku.

Kisiwa chetu cha Mombasa hakina mto. Maji yetu hutoka Mzima, ndani ya Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililolazwa miaka ya 1950; hutoka Baricho kando ya mto Sabaki, na Marere kwenye vilima vya Shimba. Yakifika Mji wa Kale, hufika kwa mgao, nasi tunayakimbilia kuyapandisha tangini. Basi bomba la barabarani huwa na nguvu siku ya mgao tu, ilhali bomba la tangi limejaa usiku na mchana. Uvujaji unaofuata siku za mgao uko upande wa barabara; usiozijali uko upande wa tangi. Kero tuliyoizoea tangu utotoni, yeye aliigeuza kipimo, na hajavunja hata jiwe moja.

Usiku ule alifunga koki zote zinazotoka tangini, akatumbukiza ufito mpaka chini, akauchonga alama maji yalipofikia. Alfajiri, alama ilikuwa palepale: tangi ni zima. Usiku wa pili akafungulia bomba la jikoni na chooni. Palepale. Usiku wa tatu akafungulia tawi linaloshuka ukuta wa kusini hadi kwenye asumini za nyanya uani, linapoishia mpira wenye matundu ya sindano, aliouacha marehemu babu. Kulipokucha maji yalikuwa yameshuka vidole viwili, na mpira wenyewe, uliokuwa umefungwa kwa koki yake, ulikuwa mkavu.

Siku tatu! Jirani alisema anatuchelewesha. Mimi nazihesabu siku hizo kuwa ndiyo kazi yenyewe. Kubomoa anaweza yeyote mwenye nyundo. Kuuacha ukuta ujieleze, tawi moja baada ya jingine, bila kuudokezea jibu, kunataka mtu aliyeishinda haraka yake.

Lakini tawi liko kusini na doa liko kaskazini. Hapo fundi aliinua macho darini. Nyumba hizi za mawe ya matumbawe zimeezekwa kwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwi ndefu sana, vyumba vyetu ni vyembamba, upana wa mita 3 hivi. Maji yakitoka karibu na kichwa cha boriti, huifuata kama mtu anayevuka ulalo, yakashuka ng'ambo. Akapanda ngazi, akaweka ncha ya bisibisi kwenye ukuta wa kusini na mpini wake sikioni, akasogea kidogo kidogo. Akaniita nami nisikilize. Palikuwa na mchirizi mwembamba, kama mtu anayenong'ona nyuma ya pazia.

Alifungua tundu la upana wa kiganja, si zaidi. Ndani, elbo ya chuma ilikuwa imeliwa na kutu kutoka nje, kwa chumvi iliyomo kwenye kuta zetu. Lingekuwa tone moja tu kila sekunde, yangekuwa matone 86,400 kwa siku. Hata yakiwa madogo ya 20 kwa mililita, ni zaidi ya lita 4 za maji yaliyotoka Tsavo kuja kuozesha boriti. Akatia elbo mpya, nyuzi za katani akizizungusha kufuata mkato wa skrubu.

Hakuliziba tundu. Alitandika karatasi ya kaki chini ya kiungo, akaenda zake. Siku ya tatu alirudi, akaipapasa karatasi, akaikunja ikalia kwa ukavu.

Jirani alileta saruji nusu mfuko. Fundi alishukuru akaikataa: saruji hufungia unyevu ndani, na ukuta uliojengwa kwa chokaa hupumua kwa chokaa. Akakanda chokaa na mchanga polepole. Nyanya alikuwa uani akichuma asumini za kikuba, na mpira wa babu ukitoa maji kwenye kila tundu.