Kinjeketile na Deni la Ukweli

Katika miaka niliyofundisha fasihi kwenye chuo cha ualimu, hakuna kitabu kilichowagawa wanachuo kama tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Kila mwaka swali lilikuwa lile lile: mzee huyu wa Ngarambe ni shujaa au ni mwongo? Wengi walitaka jibu fupi la kuandika kwenye mtihani. Kitabu chenyewe hakina jibu fupi, na hiyo ndiyo heshima yake.

Hebu tukumbushane kisa. Wamatumbi wanateseka chini ya Wajerumani. Wanalimishwa mashamba ya mzungu huku ya kwao yakiota magugu, wanalipishwa kodi, na mnyapara anafanya apendavyo. Kinjeketile anapandwa na mzimu wa Hongo, anazama mtoni, na anapoibuka analeta maji ambayo yatawakinga watu na risasi. Watu waliokuwa wametengana kwa kabila wanakuwa wamoja. Kisha Kinjeketile mwenyewe anaingiwa na shaka. Anapima maneno yaliyotoka kinywani mwake akiwa amepagawa, anaona kwamba ndani yake umo utawala mwingine wa kigeni, ule wa Seyyid Said, na moyo unamwenda mbio. Lakini neno limekwisha toka. Limekua, lina miguu yake, na halimtii tena aliyelizaa. Watu hawataki kungoja. Wanaishambulia ngome ya Mahenge, na bunduki za mtombo zinawafyeka.

Yafaa msomaji ajue kwamba hapa mwandishi hafuati historia hatua kwa hatua, na yeye mwenyewe alieleza kuwa mhusika wake ni kiumbe cha kubuni. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Hakuuona mwisho wa Maji Maji mwaka 1907, wala njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Wanahistoria wanakadiria vifo kuanzia elfu 75 hadi laki tatu, na wengi wa hao waliuawa na njaa. Hussein amemrefushia mzee wake maisha kwa makusudi. Anataka awaone maiti. Anataka aulizwe.

Na anaulizwa. Katika tukio la mwisho Kinjeketile na Kitunda, jemadari wake, wamo kifungoni. Wanaambiwa kwamba Kinjeketile akikiri kuwa maji yalikuwa uongo, atasalimika. Kitunda anamsihi akubali. Kinjeketile anakataa. Anajua kwamba kesho mkubwa wa Kijerumani hatasema tu kuwa maji yalikuwa uongo. Atasema kuwa hata kupigania haki yao kulikuwa kosa. Na watoto wataambiwa hivyo, nao watawaambia wajukuu.

Tunafundishwa tangu utotoni kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Methali hiyo haisemi kweli inasemwa mbele ya nani, wala inatakiwa kwa kazi gani. Mjerumani hautaki ukweli ili waliobaki wapone. Anautaka ili uwe kamba ya pili, ya kunyongea matumaini baada ya kunyonga mwili. Kwa hiyo mimi nasema Kinjeketile alifanya haki kumnyima. Ukweli unaodaiwa na muuaji si deni.

Lakini waliosema ni mwongo hawakukosea wote. Lipo deni jingine, nalo lilikuwa la halali: la wale waliokwenda Mahenge. Wao ndio waliostahili kuisikia shaka yake yote, hadharani, kabla hawajaondoka. Ni kweli alijaribu kuwazuia, na ni kweli kwamba umati uliokwisha onja umoja hausikii. Hata hivyo, kuwaambia watu wangoje si sawa na kuwaambia kwa nini. Ushujaa wake wa mwisho ni wa kweli, ila haulipi deni lile la kwanza. Hussein anaviweka vyote viwili mbele yetu wala havipatanishi.

Ninayo lawama moja kwa kitabu hiki. Katika tukio hilo la mwisho wanaume wawili ndio wanaoamua jambo la kuambiwa wajukuu. Hatumsikii mjane hata mmoja. Laiti mwanamke mmoja aliyepoteza mume na wana angeingia mle na kuuliza swali lile lile la askari, Kinjeketile angemjibu nini? Asingeweza kumwambia kuwa anautumikia ukoloni. Nadhani angenyamaza, na tamthilia ingekuwa nzito zaidi.

Swali hilo si la vitabuni tu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata vijana wengi walizikwa, na makaburini ikasemwa ni kifua, ni malaria, ni mkono wa mtu. Aliyemficha marehemu mbele ya majirani wenye vidole na vicheko alilinda heshima ya marehemu, nami simlaumu. Majirani hao hawakuwa na haki ya kujua. Lakini mjane alikuwa nayo, na yule aliyekuja kumrithi mjane alikuwa nayo pia. Kinywa kile kile, kwa neno lile lile, kilimnyima mbeya na kikamnyima mwenye haki. Wahenga walikwisha tuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Uchungu ni kwamba mara nyingi kifo hicho humuumbua mwingine, asiyeficha lolote.

Ndiyo maana siwashauri walimu vijana kuuliza tena kama Kinjeketile ni shujaa au mwongo. Waulize: ni nani aliyemdai ukweli, na yupi kati yao alikuwa na haki ya kulipwa? Mwanachuo akiweza kuwatenganisha wadai hao wawili, ameusoma mchezo. Tena ataweza, siku moja, kusimama kwenye msiba wa kwao akajua ni nani wa kunyamaziwa na ni nani wa kuvutwa pembeni, nyuma ya nyumba, akaambiwa.