Algaita ya Wahausa: jinsi pumzi na vidole vinavyotamka sifa

Katika kasri za watawala wa nchi ya Wahausa kaskazini mwa Nigeria, zikiwemo za Kano, Katsina na Zaria, algaita hupewa kazi ambayo kwa kawaida ni ya kinywa cha binadamu: kutamka *take*, yaani fungu fupi la maneno ya sifa linalomtambulisha sarki, ambaye ndiye mtawala, au mtu mwingine mwenye cheo. Msikilizaji aliyelelewa katika Kihausa hulitambua fungu hilo likipulizwa, ingawa chombo hakina uwezo wa kutoa irabu wala konsonanti. Ili kuelewa jinsi jambo hilo linavyowezekana, ni lazima kuchunguza umbo la chombo, pumzi ya mpulizaji na sarufi ya sauti ya Kihausa kwa pamoja, kwa kuwa hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotosha peke yake.

Algaita ni jamaa ya nzumari inayosikika katika ngoma ya sengenya ya Wadigo wa pwani ya Kenya na Tanzania, na jina lake limetokana na Kiarabu cha Maghreb, ambako chombo cha aina hiyo huitwa ghaita. Kiwiliwili chake ni mti uliotobolewa, wenye uwazi mwembamba juu unaopanuka kuelekea chini hadi kwenye kinywa kipana, na mara nyingi huvishwa ngozi iliyokazwa, ambayo, licha ya kukipamba, husaidia kuubana mti usipasuke katika nchi inayopigwa na harmatani, upepo mkavu wa kutoka jangwani. Juu yake huchomekwa mrija mdogo wa chuma au shaba, na kwenye ncha ya mrija huo hufungwa tete, yaani ndimi mbili nyembamba za bua zilizolazwa pamoja, ambazo hutetema pumzi inapopenya katikati yake.

Penye mrija huo pana kisahani cha duara, na hapo ndipo siri kubwa ya upulizaji ilipo. Mpulizaji huingiza tete nzima kinywani na kukandamiza midomo yake juu ya kisahani, kiasi kwamba tete inatetema huru ndani ya kinywa bila kubanwa na midomo wala kuguswa na ulimi. Mpulizaji wa obo ya Ulaya hufanya kinyume chake: huibana tete kwa midomo na kuikata sauti kwa ncha ya ulimi. Kwenye algaita kinywa hugeuka kuwa ghala la hewa. Mashavu huvimba, na wakati hewa iliyomo inasukumwa nje kwa misuli ya mashavu, mapafu hujazwa upya kupitia puani, kama mvukuto wa mhunzi unaojaa bila moto kuzimika. Sauti inaweza kudumu muda mrefu bila pengo, na kwa kuwa ulimi hauna kazi, mipaka ya silabi hubaki mikononi mwa vidole. Kidole kinachoinuliwa ghafla, au kinachodokoa tundu kwa haraka kabla ya noti kutulia, ndicho kinachomwonyesha msikilizaji kwamba silabi mpya imeanza.

Kihausa ni lugha ya toni, maana yake ni kwamba kiwango cha sauti katika silabi hubadilisha maana ya neno: *kai* ikitamkwa kwa toni ya juu ni "wewe" kwa mwanamume, na ikitamkwa kwa toni inayoshuka ni "kichwa". Lugha hiyo hutofautisha pia irabu fupi na ndefu. Kwa hiyo, konsonanti na irabu zikiondolewa, sentensi hubaki na mifupa yake miwili, ambayo ni kupanda na kushuka kwa sauti pamoja na urefu wa silabi, na vyote viwili vimo ndani ya uwezo wa algaita. Kuna jambo jingine linalostahili kutiliwa mkazo: katika Kihausa, toni ya juu inayofuata toni ya chini haifikii kimo cha toni ya juu iliyotangulia, kwa hiyo sentensi nzima huteremka ngazi kwa ngazi. Kakaki, tarumbeta ya bati ndefu kupita kimo cha mtu, hutoa noti mbili au tatu tu, na haina nafasi ya kutosha ya kuufuata mteremko huo. Algaita, yenye matundu manne ya vidole na hivyo noti tano za msingi, inaweza kuutembea.

Hata hivyo, mifupa hiyo miwili inaweza kulingana na ya sentensi nyingine nyingi, na hapo ndipo utamaduni wa kasri unapoingia. *Take* ni fungu lililokwisha kuwekwa, ambalo waimbaji hulighani kwa sauti zao na ngoma huligonga, kwa hiyo mhudhuriaji wa *sara*, hafla ya salamu za heshima inayofanyika nje ya kasri jioni ya Alhamisi, hulinganisha anachosikia na maneno anayoyajua tayari. Ndivyo ilivyo pia katika misafara ya farasi ya siku za Idi, na ile ya Kano iliingizwa mwaka 2024 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Humo kakaki hutangaza mamlaka kwa kishindo na *ganga*, ngoma ya nyuso mbili, hushikilia mwendo, huku algaita ikibeba maneno. Kuirekodi algaita peke yake katika studio ni kuhifadhi sauti na kuiacha nje sehemu ya ufundi ambayo hufanyika katika kumbukumbu ya wasikilizaji.