Kinaya cha Ruhusa katika Tamthilia ya Pinter

Katika tamthilia fupi ya Harold Pinter, Mountain Language (1988), wanajeshi wanapiga marufuku lugha ya akina mama wa milimani waliokuja gerezani kuwaona wapendwa wao. Baadaye askari anatangaza kuwa kanuni zimebadilika: mama mmoja aweza, kwa muda tu, kuzungumza na mwanawe kwa lugha yake. Mama hasemi neno.

Wapo wanaosoma kimya hiki kama dalili ya kushindwa. Kwa maoni yetu, kinaya kimo katika ruhusa yenyewe: uhuru unaotolewa kwa amri ya askari huondolewa kwa amri iyo hiyo.

Historia yaunga mkono usomaji huu. Mwaka 2003 Pinter alihutubia maandamano ya London dhidi ya vita vya Iraki. Mwaka huo huo, polisi wa jiji hilo walimpekua mwanafunzi aliyekwenda kupinga maonyesho ya silaha, bila kumshuku kosa lolote. Sheria ya Ugaidi ya 2000 iliwaruhusu. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua mwaka 2010 kwamba mamlaka hayo yalikiuka haki.

Mwalimu anayefunza kinaya na awaulize wanafunzi: ruhusa ikija watu wamekwisha kunyamaza, nani atasema?