Chupa Kwanza, Poti Baadaye

Huku Merigi, na kote kwenye majani chai ya Bomet na Kericho, mtoto akikaribia miaka miwili mambo mawili hupangwa kwa mpigo: aache chupa, na aanze poti. Mambo yakikwama, lawama humwendea mtoto kwamba ni mkaidi. Mimi naona kosa liko kwenye mpangilio. Kinachotoka hutegemea kilichoingia, na anayeanza na poti kabla ya kuimaliza chupa anajichosha bure.

Tuanze na hesabu. Madaktari hukadiria ujazo wa kibofu cha mtoto kwa kanuni rahisi: chukua umri wake kwa miaka, ongeza moja, zidisha kwa mililita 30. Mtoto wa miaka miwili, basi, ana kibofu cha mililita 90 hivi. Chupa ya kawaida hubeba 250. Anayelala na chupa mdomoni, kisha akapewa nyingine saa nane za usiku, ataamkaje mkavu? Na mchana, anayefyonza kidogo kidogo kutwa nzima hukojoa kidogo kidogo kutwa nzima, hata mlezi asijue saa ya kumwahi.

Choo kikubwa ndicho chenye shida zaidi, ingawa hakizungumzwi sana. Maziwa mengi hushibisha. Mtoto hukataa ugali, mboga na maharagwe, choo kinakuwa kigumu, na siku moja kinamuumiza. Tangu hapo akionyeshwa poti anakaza miguu na kujibana, na kadiri anavyojibana ndivyo choo kinavyozidi kuwa kigumu. Watu husema anakataa poti, kumbe anayakimbia maumivu. Mtoto wa namna hii asikalishwe kwenye poti kabla choo hakijalainika: maji, matunda, mboga, maziwa kupunguzwa, na kliniki ikiwa hali haibadiliki.

Isitoshe, chupa nyingi za huku hutiwa chai ya maziwa. Naisema kwa uchungu kwa sababu chai ndiyo inayotulisha. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, na chai huyashika hata yale machache yaliyomo kwenye chakula yasifyonzwe vizuri tumboni, na mwisho wake ni upungufu wa damu. Baada ya mwaka mmoja, nusu lita ya maziwa kwa siku yamtosha mtoto, na chai imngoje akue. Meno nayo huharibika akilala na chupa: usiku mate hupungua, maziwa yanatuama, na meno ya mbele ya juu ndiyo huoza kwanza, kwa kuwa ya chini hukingwa na ulimi. Kenya ilipotunga sheria ya kudhibiti bidhaa zinazochukua nafasi ya maziwa ya mama mwaka 2012, chupa na chuchu zake ziliingizwa katika orodha ya vitu visivyoruhusiwa kutangazwa. Wizara ya Afya hupendekeza kikombe, ambacho huoshwa kwa urahisi hata mahali ambapo maji huchotwa mtoni.

Kuachisha kwenyewe kuna utaratibu. Anza na chupa ya mchana, ile ambayo mtoto huililia kidogo kuliko zote, na mahali pake uweke kikombe kidogo chenye mikono miwili, wakati wengine nao wanakunywa uji. Mtoto hupenda kufanya kama wakubwa. Siku chache baadaye ondoa ya asubuhi. Ya usiku iwe ya mwisho: ongeza maji kidogo kidogo kila baada ya siku mbili tatu, hadi abaki akifyonza maji matupu, na wengi huiacha wenyewe hapo. Cha kuchunga ni kwamba mama na nyanya, yaani kogo kama tunavyomwita huku, wawe na neno moja. Mama akishanyima, kogo akatoa kwa huruma, mtoto amejifunza kwamba kilio kikirefuka kinalipa.

Sasa poti. Mwaka 1962 T. Berry Brazelton, daktari wa watoto wa Marekani, alitoa taarifa ya watoto 1,170 waliofunzwa kwa kungojewa waonyeshe dalili za kuwa tayari. Kwa wastani walimudu mchana wakiwa na miezi 28.5. Miaka 15 baadaye, Marten na Rachel deVries wakaandika habari za Wadigo wa pwani yetu, ambao huanza mtoto akiwa na wiki chache tu. Mama huketi chini, miguu ameinyoosha, mtoto akiwa katikati amempa mgongo, kisha humtolea sauti ya "shuu". Akikojoa, hunyonyeshwa na kukumbatiwa. Kufikia miezi mitano au sita wengi walikuwa wakavu kiasi cha kuridhisha, usiku na mchana.

Siwashauri wachuma chai waige hayo yote, maana mbinu ya Wadigo hutaka mtu aliye na mtoto mwilini kutwa. Lakini inaonyesha kwamba utayari ni wa mlezi pia. Karibu zaidi na sisi, Charles Super alichunguza watoto wa Kipsigis huko Kokwet, wilaya ya Kericho ya wakati ule, katika miaka ya 1970. Waliwahi kukaa na kutembea kuliko wenzao wa Marekani kwa sababu mama zao waliwafundisha mambo hayo makusudi. Kutambaa, ambako hakukufundishwa, hawakuwahi.

Kwa hiyo afundishwe na yule anayeshinda naye. Mama akitoka alfajiri na kikapu, mwalimu wa poti ni kogo, na mpango uwe wake. Dakika 20 baada ya uji utumbo huanza kusukuma wenyewe. Hapo ndipo amkalishe, dakika chache, nyayo zikiwa zimekanyaga chini. Poti iwe fupi, ipate kuruhusu hivyo. Asipelekwe choo cha shimo: tundu ni pana, ndani giza, na hofu ya mara moja hurudisha kazi nyuma. Kilichomo kwenye poti kimwagwe huko chooni. Msimu mzuri ni Januari, mvua zikiwa zimepungua na suruali zinakauka.

Usiku usiuhesabu bado. Kulowesha kitanda hadi miaka mitano ni kawaida, na kuchapwa au kuaibishwa hakukaushi godoro. Ila aliyekuwa mkavu kwa miezi mingi akaanza tena kulowesha, hasa akiwa anakunywa maji kupita kiasi na kukonda, apelekwe hospitali siku hiyohiyo apimwe mkojo na sukari.